Majonzi hayana ngazi: usiku tulioandika wasifu wa mwalimu wa saikolojia

Usiku wa kuamkia mazishi tulikaa watu sita kwenye jiko la nje, Kibosho, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, tukiandika wasifu wa marehemu. Ilikuwa Julai, na anayeijua Kibosho ya Julai anajua: ukungu unashuka kutoka mlimani saa kumi jioni, hauondoki mpaka kesho yake saa nne, na moshi wa kuni unagoma kutoka nje. Kalamu nilipewa mimi. Mwandiko wangu unasomeka, na marehemu alinifundisha saikolojia miaka miwili chuo cha ualimu, kwa hiyo walidhani najua cha kuandika kwenye kipengele cha kazi.

Wasifu wa misiba yetu una njia yake. Marehemu alizaliwa, alibatizwa, alisoma, aliajiriwa, alifunga ndoa, alistaafu, aliugua. Ameacha mjane, watoto wanne na wajukuu sita. Bwana alitoa, na Bwana ametwaa. Robo saa inatosha. Sisi tulitoka jikoni saa nane usiku.

Tulianza kukwama hapo hapo kwenye kazi. Katibu wa kamati ya mazishi alitaka tuandike "daktari wa akili". Mama mwenye msiba, ambaye alikuwa ametoka chumbani kwa kisingizio cha kuota moto, akakataa. "Msimpe udaktari. Hakuwahi kumchoma mtu sindano hata siku moja." Alikuwa sahihi, na mkanganyiko huo marehemu aliishi nao tangu anaajiriwa hadi anastaafu. Daktari wa magonjwa ya akili husomea udaktari kwanza, kisha hubobea. Yeye ndiye anayeandika dawa. Mwanasaikolojia husomea jinsi watu wanavyowaza, wanavyojifunza, wanavyohisi na wanavyotenda, na zana zake ni maswali, vipimo na mazungumzo. Huku kwetu wengi waliosomea fani hiyo wameishia vyuoni, kwa sababu kila anayesomea ualimu lazima apite kwenye saikolojia ya elimu. Mtaani wakawa ni "wale wa ushauri nasaha", na kuna wakwe waliokosa raha kwa kudhani mwanasaikolojia anasoma mawazo yao mezani. Tukaandika: mwalimu wa saikolojia na mshauri. Katibu hakuridhika sana, udaktari ungependeza kwenye kipaza sauti.

Tulichokwama nacho zaidi kilikuwa kijana wake wa pili.

Alikuwa ameingia na basi kutoka Dar es Salaam siku mbili kabla, na tangu ashuke alikuwa amefunga maturubai, amehesabu viti vya kukodi, amebishana na mwenye jenereta, na chozi halijaonekana. Shangazi yake, ambaye aliwahi kuhudhuria semina ya kuwafariji wafiwa, alimwangalia kwenye mlango wa jiko akasema kwa uhakika wa mtu mwenye cheti: "Huyu bado yuko hatua ya kwanza. Anakana. Subirini afike ya pili, mtamwona."

Nilijikuta nacheka, msibani, kwa sababu nilisikia kabisa jinsi marehemu ambavyo angemjibu.

Darasani alikuwa akifika kwenye mada ya kufiwa anaandika ubaoni hatua tano: kukana, hasira, kubembeleza, huzuni kuu, kukubali. Tunanakili, tunapigia mstari kwa rula. Kisha anageuka. "Nani hapa amefiwa na mtu wa karibu?" Mikono inapanda, na darasa letu lilikuwa na mikono mingi. "Wewe, ulianza na ipi?" Mmoja alianza na hasira, mwingine alikubali siku ile ile kwa sababu mama yake aliteseka miaka mitatu, mwingine alisema hakusikia chochote mpaka alipoona viatu vya baba yake mlangoni baada ya miezi miwili. Hakuna hata mmoja aliyeipanda ngazi kama ilivyochorwa. Mwalimu anachukua dasta. "Sasa nyie mmeumwa, au ubao ndio umekosea?"

Hatua hizo zina mwenyewe. Elisabeth Kübler-Ross alikuwa daktari wa magonjwa ya akili, mzaliwa wa Zurich mwaka 1926, aliyehamia Marekani. Mwaka 1965, akiwa Chicago, alifuatwa na wanafunzi wa theolojia waliotaka kujifunza kuhusu kufa. Akaamua walimu wao wawe wagonjwa wenyewe: akakaa vitandani kwao na kuwauliza inakuwaje mtu anapojua anakufa. Zama zile madaktari wengi hawakuwaambia wagonjwa ukweli, kwa hiyo kuuliza tu swali hilo kulikuwa ni kuvunja mwiko. Kitabu chake kilitoka mwaka 1969, na humo ndimo zilimo hatua tano.

Ni hatua za mgonjwa anayekabili kifo chake mwenyewe. Kwa mtu huyo zina mantiki. Bado ana kitu cha kukana, vipimo vinaweza kuwa vimechanganywa. Bado ana wa kumbembeleza: Mungu, nifikishe kwenye harusi ya binti yangu, halafu basi. Mfiwa je? Jeneza limeshafika, kaburi limeshachimbwa, anambembeleza nani? Lakini hatua tano ni tamu kufundisha. Zinaingia kwenye ukurasa mmoja, zinatungiwa swali la alama kumi, na zinampa mfariji kitu cha kushika mkononi asipojua la kusema. Zikahama taratibu kutoka kitandani kwa mgonjwa mpaka kwenye mkeka wa wafiwa. Kübler-Ross alifariki mwaka 2004, na mwaka uliofuata kikatoka kitabu alichoandika na David Kessler kuhusu kufiwa hasa, ambamo wawili hao wanakiri kwamba hatua zimeeleweka vibaya: si kila mtu anazipitia zote, wala hakuna mpangilio mmoja. Kukiri huko hakujafika kwenye semina nyingi.

Mwaka 2007 watafiti wa Marekani walizipima hatua kwa namba. Waliwafuatilia wafiwa 233 wa jimbo la Connecticut mpaka miaka miwili baada ya kifo. Kama ngazi ingekuwa ya kweli, mwanzoni watu wangekuwa wamejaa kutoamini, na kukubali kungekuja mwishoni. Haikuwa hivyo. Kukubali ndiko kulikotajwa zaidi, tangu miezi ya mwanzo. Na jambo lililowaumiza watu kuliko yote halikuwa hasira wala kukana. Lilikuwa hamu. Kumtamani tu aliyeondoka: sauti yake, mguu wake kwenye changarawe, namna anavyokohoa kabla hajabisha hodi. Hamu haimo kwenye zile tano.

Kwa hiyo kijana aliyekuwa akibishana na mwenye jenereta hakuwa kwenye hatua yoyote. George Bonanno, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York, amewafuatilia wafiwa kwa miaka mingi, na matokeo yake yanawakera wengi: idadi kubwa ya watu hufiwa, huumia, na bado huendelea kula, kufanya kazi na hata kucheka bila kuvunjika. Yale majonzi yanayodaiwa kujificha ndani ili yalipuke baadaye, hakuyaona kwa wingi unaohubiriwa. Chozi ni kipimo kibovu. Tena kwetu ni kipimo chenye upendeleo, maana mwanamke asiyelia anasengenywa, mwanamume anayelia sana anaambiwa ajikaze, halafu huyo huyo aliyejikaza anaambiwa anakana.

Wakati tunabishana hayo, Mama alikuwa ameshavuta kisu na karai la ndizi. Wakwe zake wakaruka. "Mama, mjane hamenyi ndizi!" Akawajibu bila kuinua macho: "Niacheni. Nimekaa kwenye godoro siku nne, mikono inaniuma kwa kukaa." Akamenya. Vidole vikaanza kuwa vyeusi kwa utomvu. Akatusimulia jinsi marehemu alivyojaribu kupika kiburu, ndizi na maharage, wakati yeye amejifungua mtoto wa kwanza, maharage yakaungua, akamletea akisema hiyo ndiyo rangi yake. Tukacheka sote, na yeye akicheka. Kisha kisu kikasimama katikati ya ndizi, akalia kwa sauti ya chini sana, labda dakika tano. Kisha akaendelea kumenya.

Sijaona popote maelezo mazuri ya nadharia ya Margaret Stroebe na Henk Schut kuliko lile karai. Hao ni watafiti wa Utrecht, Uholanzi, na mwaka 1999 walieleza kwamba mfiwa ana kazi mbili zisizofanyika kwa wakati mmoja. Moja ni kumwelekea aliyeondoka: kulia, kukumbuka, kushika nguo zake. Nyingine ni kuyaelekea maisha yaliyobaki: nani atalipa ada, nani atakata majani ya ng'ombe, huyu mama sasa ni nani bila yule baba. Mtu huenda huku na kurudi kule kama bembea, mara nyingi kwa siku moja. Kwa maelezo yao, kule kwenda na kurudi ndiko kunakomsaidia. Anayekaa upande mmoja tu, awe ni wa kulia mfululizo au wa kukimbia mfululizo, ndiye wa kuangaliwa.

Ukiutazama msiba wa Kichagga kwa jicho hilo, umejengwa kama bembea. Kila kundi jipya linapoingia uani kilio kinaanza upya; kikitulia, mtu anauliza sahani zimebaki ngapi. Wiki hiyo hiyo ukoo unakaa kikao: nani anamdai marehemu, yeye alimdai nani, mtoto wa mwisho atasomeshwa na nani. Wageni wa mjini huona kikao cha madeni mapema hivyo ni ukatili. Mimi naona kuna mtu wa zamani aliyekuwa na akili sana.

Kisha tukafika kwenye familia, na binti mkubwa akaweka mkono juu ya karatasi.

Nilikuwa nimeandika: "Alikuwa baba msikivu." Akasema kwa upole, lakini kwa namna ambayo hakuna aliyebisha, "Hilo toa. Wanafunzi wake ndio waliopata sikio lake. Sisi tulipata mgongo wake, anasahihisha." Jiko likanyamaza. Mimi nikiwa mwanafunzi niliyewahi kukaa ofisini kwake saa mbili nzima nikilia kwa mambo yangu, nilijiona mwizi.

Misibani hatusemi marehemu vibaya, na desturi hiyo ina busara yake, inazuia magomvi mbele ya jeneza. Lakini ina gharama. Mwaka 1917 Sigmund Freud, daktari wa Vienna aliyeanzisha tiba ya kuchambua nafsi kwa mazungumzo, alichapisha insha iliyojaribu kutofautisha majonzi ya kawaida na huzuni inayogeuka ugonjwa. Alisema, kati ya mengine, kwamba pale mapenzi yalipochanganyika na kinyongo, kufiwa huwa kugumu zaidi, kwa sababu kinyongo kinakosa pa kwenda na kumrudia mwenyewe. Sehemu hiyo ya mawazo yake imezeeka vizuri. Nyingine haikuzeeka vizuri: aliandika kwamba kazi ya majonzi ni kuung'oa moyo kutoka kwa marehemu, kumbukumbu moja baada ya nyingine, mpaka uwe huru kupenda kwingine. Kwa miongo mingi washauri walifundishwa hivyo. Achilia, songa mbele, funga ukurasa.

Freud mwenyewe hakuweza. Januari 1920 binti yake Sophie alifariki Hamburg kwa mafua yaliyozagaa dunia nzima mwishoni mwa Vita Kuu ya Kwanza na baada yake, akiwa na miaka 26 na mimba ya mtoto wa tatu. Freud alikuwa Vienna na hakukuwa na treni ya kumfikisha mazishini. Miaka mitatu baadaye akafa mtoto mdogo wa Sophie, mjukuu ambaye babu alimpenda mno. Aprili 1929 Freud alimwandikia barua rafiki yake Ludwig Binswanger, aliyekuwa amefiwa na mwana. Ilikuwa siku ambayo Sophie angetimiza miaka 36. Alimwambia kwamba ukali wa maumivu hupungua, lakini pengo halizibiki, na hata likizibwa lote, bado kinachojaa pale ni kitu kingine. Na kwamba ndivyo inavyopaswa kuwa, maana ndiyo njia ya kuendeleza pendo tusilotaka kuliacha. Barua inaipinga insha. Mwalimu wetu alipenda kutusomea vyote viwili siku moja, halafu anatuuliza tunamwamini Freud yupi, mwenye shahada au mwenye msiba.

Kwenye wasifu tulikata "msikivu". Tukaandika "aliipenda familia yake", na binti hakupinga. Baadaye, tulipobaki wawili tunazima moto, alinieleza kwamba kila alipokuwa anasafiri kurudi chuo, baba yake aliamka saa tisa usiku, akachukua begi, akalibeba begani toka nyumbani mpaka barabarani kwenye gari la kushuka Moshi mjini, giza totoro, mvua ikiwepo au isiwepo. "Haongei. Anafika, anaweka begi, anasema haya. Basi." Akakaa kidogo. "Sasa hilo utaliandika kwenye kipengele gani?"

Tangu miaka ya 1990 saikolojia imeelekea kwenye barua ya Freud zaidi kuliko kwenye insha yake. Mwaka 1996 Dennis Klass na wenzake wawili walihariri mkusanyiko wa tafiti zilizoonyesha kwamba wafiwa wengi walio na afya njema hawakati uhusiano na marehemu. Wanaubadilisha. Wanaongea naye, wanamuuliza "ungekuwa wewe ungefanyaje", wanatunza saa yake. Nchi za Magharibi jambo hilo lilipokelewa kama ugunduzi. Huku watu wengi wangeuliza lililogunduliwa ni lipi.

Maana mwaka ule ule wa 1969 Kübler-Ross alipotoa hatua zake, Mkenya John Mbiti, mchungaji na mwanatheolojia, alichapisha kitabu kilichotumia maneno mawili ya Kiswahili kueleza muda: Sasa na Zamani. Aliyekufa, kwa maelezo ya Mbiti, haendi Zamani mara moja. Anabaki kwenye Sasa maadamu wapo wanaomkumbuka kwa jina, waliomjua uso kwa uso. Mbiti aliwaita wafu walio hai. Siku wa mwisho kati yao anapokufa, ndipo marehemu anazama Zamani. Wataalamu wamebishana sana na Mbiti kuhusu muda, na wana hoja. Ila kwa habari ya kufiwa, alieleza kwa maneno yetu kile ambacho vitabu vya saikolojia vilikuja kukitaja baadaye sana. Mchagga anamzika mtu wake kihambani, yaani kwenye shamba la migomba la ukoo, hatua chache kutoka dirishani, anapanda isale, mmea wa heshima kwa Wachagga, na mtoto wa kiume wa kwanza anapewa jina la babu yake mzaa baba. Hakuna anayefunga ukurasa hapo.

Nisieleweke vibaya: kuna majonzi ambayo ni ugonjwa, na jamii yetu ni hodari wa kuyafunika kwa "muda utaponya". Shirika la Afya Duniani limeyaingiza kwenye orodha yake ya magonjwa inayotumika tangu Januari 2022, kwa kigezo cha angalau miezi sita. Mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani, uliorekebishwa mwaka huo huo, unasema mwaka mzima kwa mtu mzima na miezi sita kwa mtoto. Tofauti hiyo yenyewe inaonyesha kwamba mstari umechorwa na watu. Kote kuwili wanataka izingatiwe desturi ya mahali. Dalili zinafanana: hamu kali ya kila siku isiyopungua hata kidogo, kuona nusu yako imekufa naye, kukwepa kila kinachomkumbusha au kutoweza kukiacha, kazi na watoto kutelekezwa. Hapo mtu apelekwe kwa mtaalamu, na kwa watu wa Moshi hospitali ya KCMC ina wataalamu wa afya ya akili. Anayesema anataka kumfuata marehemu hasubiriwi miezi. Anapelekwa siku hiyo hiyo.

Jingine ambalo marehemu alikuwa mkali nalo ni watoto. Mtoto wa chini ya miaka mitano kwa kawaida hajaelewa kwamba kifo hakina kurudi. Uelewa huo hukua kati ya miaka mitano na saba hivi. Ukimwambia "babu amesafiri" atakaa getini. Ukimwambia "amelala" ataogopa kulala. Mwalimu alitaka neno lenyewe litumike, amekufa, mwili wake umeacha kufanya kazi, hapumui, haoni baridi, na lirudiwe kila mtoto anapouliza, hata akiuliza mara ishirini.

Desemba nilipanda Kibosho kuwasalimia, kama kila mtu apandavyo mlimani Desemba. Haikuwa imetimia hata miezi sita. Kijana wa pili alikuwa kwenye bomba la uani na spana, ananisalimia kwa kidevu. Binti mkubwa alikuwa ameivaa saa ya baba yake, kubwa kwa mkono wake, inateleza mpaka kwenye kiwiko. Msalaba wa mbao ulikuwa bado haujabadilishwa, na mjukuu wa miaka saba, aliyepewa jina la babu, alikuwa amechuchumaa mbele yake anafuata herufi kwa kidole. Alikuwa ndiyo amejua kusoma.

"Bibi, mbona wameandika jina langu?"

Mama alikuwa anamwagilia isale kwa kopo la rangi lililotobolewa matundu. "Ni la babu yako. Mnatumia wawili."

Mtoto akafikiri. "Na yeye amekufa."

"Amekufa."

"Basi sasa hivi nalitumia mimi."

"Ndiyo. Hebu nishikie kopo, mgongo unaniuma."